Kadi Niliyomsomea Mama

Siku ya kuondoa matanga ya mama, nyumbani kwetu Nyamiaga, jirani yetu Mama Pastory alisimama katikati ya watu akiwa ameishikilia fimbo yake kwa mikono miwili, akasema maneno ambayo amekuwa akiyasema tangu nikiwa msichana. "Anatolia alikuwa mtiifu," alisema. "Ukimpa agizo, haongezi na hapunguzi. Si mnamwona huyu mwalimu? Alimfunga mkono mpaka tukasema, jamani, huyu ataolewa akiwa amefungwa!" Watu walicheka. Walicheka bila ubaya, kama wanavyocheka watu waliokwisha kuzika, wakala, wakaanza kukumbuka. Kwetu jambo hilo limekuwa msemo. Mtu akifunga mbuzi kwa kamba mbili, au akifunika chungu mpaka chakula kinaharibika, huambiwa, "Wewe nawe, unafunga kama Anatolia." Wapo vijana wanaousema msemo huo bila kujua Anatolia alikuwa nani wala alimfunga nani. Mimi ndiye niliyefungwa. Nilicheka pamoja na wenzangu, kama nilivyocheka kwa zaidi ya miaka arobaini, mkono wangu wa kulia ukiwa umelala mapajani.

Sitaeleza hapa habari za ukoo wetu, nani alimzaa nani na tulifikaje Nyamiaga. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa, na chumba kimoja, jiko la mama. Nimefundisha maisha yangu yote, nusu ya miaka hiyo huku Nyakahura ninakoishi sasa, na mwalimu hawezi kuacha tabia ya kueleza hatua kwa hatua. Msomaji anivumilie.

Jiko hilo lilisimama peke yake nyuma ya nyumba, la matofali mabichi yaliyosiribwa udongo. Mlango wake ulikuwa mfupi, hata mgeni mwenye majivuno aliingia ameinama. Ndani kulikuwa na mafiga matatu, kinu kilicholazwa ubavu karibu na ukuta, na kigoda cha mama ambacho hakuna mwingine aliyekikalia. Juu ya meko palikuwa na dari la miti. Hapo ndipo tulipoivishia ndizi za pombe. Kwa asiyejua, ndizi hizo hukatwa zikiwa zimekomaa lakini mbichi, zikapangwa juu ya dari na kufunikwa kwa majani ya mgomba, kisha moto wa chini huziivisha kwa moshi na joto siku baada ya siku. Lazima mtu apande kuzigeuza, la sivyo za chini huoza kabla za juu hazijaiva. Wiki moja kabla ya Pasaka nilipanda mimi. Mti mmoja wa dari ulikuwa umeliwa na mchwa kwa ndani, kwa nje unaonekana mzima. Nilipoukanyaga ulikatika, nikaanguka pamoja na mikungu miwili, na bega langu la kulia likatua kwenye mdomo wa kinu. Nakumbuka harufu ya ndizi zilizopondeka, na mdogo wangu Veneranda akiwa mlangoni akisema, "Dada, mbona mkono wako umekaa vile?"

Bega lilikuwa limechomoka. Walinipeleka hospitali ya misheni kwa baiskeli, baba akisukuma, mama akitembea pembeni amekishika kiwiko changu kama mtu aliyebeba yai. Sitaeleza sana jinsi lilivyorudishwa. Watu wanne walinishika, wengine wakivuta kwa shuka iliyopitishwa kwapani, na mimi niliyejiona msomi nilimwita mama kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, kama mtoto wa miaka mitatu. Lilirudi. Walinifunga mkono kifuani kwa kitambaa kipana cheupe, wakanilaza wodini siku mbili. Kitanda cha jirani alilala mama mmoja aliyevunjika mguu, mtu wa maneno mengi. "Umelia sana, binti," aliniambia. "Na hiyo ni ya kwanza. Subiri ya pili, ya mazoezi. Pale ndipo utakapomjua Mungu wako. Mimi mguu huu wameunyoosha nikaona marehemu bibi yangu amesimama mlangoni." Huenda alikuwa akitania. Mimi sikucheka.

Siku ya kuondoka, daktari alimkabidhi mama kadi ya rangi ya udongo, imeandikwa kwa wino wa buluu. Alikuwa na wagonjwa wengi wakimsubiri. "Maelekezo yote yako hapa, mama. Nyumbani kuna wa kukusomea?" Mama alinyooka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kila "halafu" ilikuwa "harafu", lakini siku hiyo alikisema kwa sauti ya juu ili wodi nzima isikie. "Yupo. Ni huyuhuyu mgonjwa. Amesoma mpaka fomu foo." Daktari alicheka, akasema basi kadi imefika mahali salama.

Jioni hiyo tulikaa jikoni. Maharage yalikuwa yanachemka, na ndizi nilizoanguka nazo zilikuwa zimekwisha kamuliwa, kwa sababu kwetu ajali haisimamishi pombe ya Pasaka. Mama alifuta mikono kwenye kanga, akaitoa kadi kifuani, akanipa. "Haya, soma. Inasemaje?" Nilikuwa nimekwisha kuisoma njiani, aliponipa nimshikie kwa muda. Ilisema mambo matatu: mkono ufungwe kifuani, mgonjwa asinyanyue kitu kizito, baada ya wiki tatu afunguliwe na arudi kwa mazoezi. Nilisoma la kwanza. Nikasoma la pili. Hapo nikamkumbuka yule mama wa wodini na ile shuka iliyopitishwa kwapani, nikaishusha kadi. "Harafu?" mama aliuliza. "Turudi rini?" Nikamwambia, "Hawakuandika siku. Wameandika tusifungue mpaka tutakaporudi, na turudi nikishapata nguvu." Mama alitikisa kichwa taratibu, akirudia maneno hayo kwa midomo ili asiyasahau. Kisha akaikunja kadi mara mbili na kuiweka kwenye mkebe wa biskuti, pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo.

Ndivyo ilivyokuwa. Sikupanga uongo. Nilitaka siku chache tu za kupumua, nikijiambia kwamba wiki ya tatu ikifika nitasema nimeisoma upya, nimeona vizuri. Nimewaona watoto wengi darasani wakifanya hivyohivyo, wakificha daftari leo wakiamini kesho watakuwa jasiri zaidi, na sikuwahi kumpiga mtoto kwa kosa hilo. Kesho huja na woga wake. Wiki ya tatu ilifika, nikanyamaza. Ya nne ilipofika, sasa nilikuwa na mambo mawili ya kuogopa, mazoezi na kuulizwa kwa nini sikusema.

Na lazima nikiri kwamba kufungwa kulikuwa na utamu wake. Sikulima. Sikuteka maji. Veneranda alikwenda mtoni mara mbili, ndoo yake na yangu, akirudi amenuna, maji yanamtiririka shingoni. "Mkono mmoja umefungwa, na miguu nayo imefungwa?" alinong'ona siku moja, mama akamrushia ganda la ndizi. Chakula kilikuwa shughuli nyingine. Kwetu tulikula sahani moja, na mkono wa kushoto hauingii kwenye sahani ya watu, hata ukiwa mgonjwa. Kwa hiyo mama alinitengea bakuli langu, akanilisha mwenyewe. Alilikanda tonge la ugali wa muhogo, akalichovya kwenye maharage au kisamvu, akalipuliza, akalileta mdomoni. Mimi mwenye miaka kumi na tisa, mwenye cheti cha kidato cha nne, niliachama kama kinda. Alinilisha kwanza mimi, na chakula kilichobaki, kikiwa kimepoa, ndicho alichokula yeye. Nikikumbuka sasa, sijui kama niliwahi kumwona akila chakula cha moto miezi ile yote.

Mama Pastory ndiye aliyeanza kutia shaka. Wakati huo alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mdomo haupumziki. Alikuja kuomba moto, akanikuta nalishwa. "Anatolia, huyu amezaliwa upya? Wiki ya ngapi hii?"

"Nane."

"Nane! Mbuzi wangu alivunjika mguu, wiki ya tano alikuwa juu ya kichuguu."

"Mbuzi wako alifungwa na dakitari?"

"Alifungwa na mume wangu."

"Basi mumeo ana ruhusa ya kumfungua," mama alisema bila kugeuka. "Huyu alifungwa na dakitari. Mimi nani nifungue? Imeandikwa."

Nilikuwa nimekaa pale, tonge mdomoni. Alisema "imeandikwa" kama watu wanavyosema kanisani. Nataka msomaji kijana amwelewe vizuri mama yangu hapo, asimwone mjinga. Alikuwa mtu aliyejua ng'ombe mgonjwa kwa kumtazama masikio, aliyejua mvua kwa harufu. Lakini alikuwa amekwisha kuona maishani mwake kwamba karatasi ina nguvu kuliko macho: karatasi ya kodi, karatasi ya mnunuzi wa kahawa, karatasi ya shule. Mbele ya karatasi aliweka chini akili yake, kama mtu anavyoacha jembe nje ya mlango. Na aliiweka chini kwa sababu alimwamini aliyekuwa akimsomea.

Barua ya chuo cha ualimu ilifika mwezi wa Julai. Nilichaguliwa, nilitakiwa kuripoti Januari. Hiyo niliisoma yote, neno kwa neno, na mama aliitaka mara tatu. Mara ya tatu aliuliza, "Mwalimu huandika ubaoni kwa mkono gani?"

"Wa kulia, mama."

"Na ubao uko juu?"

"Uko juu."

Alikaa akikitazama kitambaa kifuani pangu, ambacho alikifua kila Jumamosi na kukifunga tena palepale, fundo palepale. "Basi kesho twende," alisema. "Nguvu umepata au hujapata, watufungulie."

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa mwanaume mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipofungua kitambaa, mkono ulibaki palepale. Hakuna aliyeushika, ila haukushuka wala haukupanda. Ulikuwa kama tawi lililokua limebanwa na ukuta. Ulikuwa mwembamba kuliko wa Veneranda. Aliushika akajaribu kuuinua, na mwili wangu wote ukainuka nao. Akaacha. Aliiomba kadi, akaisoma kimya, akaigonga kwa kidole. "Mama, miezi mitatu na nusu? Nani alikaa na kitambaa hiki muda wote huo? Mmemharibu mtoto. Na kadi imeandikwa wazi kabisa!"

Kilikuwa chumba kidogo chenye sakafu ya saruji nyekundu. Wagonjwa wengine watatu walikuwa kwenye benchi, na kwenye benchi hilo alikuwapo mtu wa kwetu Nyamiaga, ndiyo sababu habari ilifika nyumbani kabla yetu. Mama alinigeukia. Alinitazama mara moja, si kwa hasira, bali kama anavyotazama anga asubuhi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nimeipima nafasi ile mara nyingi. Ilitosha kabisa, ilitosha maneno manne. Nikaitazama sakafu. Mama akamgeukia yule bwana, akakunja mikono tumboni. "Mimi sijui kusoma, bwana. Nilimfunga mimi. Kosa ni langu."

Njiani tulikaa chini kupumzika. Mama alinunua hindi la kuchoma kwa msichana aliyekuwa kando ya barabara, akalivunja, akaniwekea nusu katika mkono wangu wa kulia. Ilikuwa mara ya kwanza mkono ule kushika kitu tangu nilipoanguka. Nilishika. Nikajaribu kulileta mdomoni, nikashindwa, nikainamisha kichwa, nikashindwa bado. Mama alisubiri mpaka nilipoacha kujaribu. Kisha akalichukua, akanilisha.

Kuanzia kesho yake nilipata mwalimu mkali kuliko wote niliokutana nao baadaye. Mtaalamu alikuwa ametuonyesha mazoezi matatu. La kwanza ni kuinama, mkono unaning'inia, unauzungusha kama mtu anayekoroga chungu kikubwa. La pili ni kuulaza mkono mezani na kuusukuma mbele kama unapiga pasi. La tatu lilikuwa la ukutani: unasimama mbele ya ukuta, unauweka mkono, halafu vidole vinatembea kwenda juu kama buibui, vikivuta bega nyuma yao. "Na ukifika mwisho usiuachie uanguke," alituambia. "Ushushe taratibu. Kushusha nako ni zoezi." Mama, ambaye hakuweza kuyaandika, aliyashika yote kichwani bila kupunguza hata moja. Kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, na kila jioni kabla ya kupakua, nilisimama mbele ya ukuta wa jiko, yeye nyuma yangu, kiganja chake kikiwa chini ya kiwiko changu. "Inua nione," alisema. Vidole vilipanda. Maumivu ya bega lililoganda hayafanani na ya kuvunjika. Ni kama mlango wenye kutu unaofunguliwa ndani ya mwili wako. Nilipofika mwisho alichukua kipande cha mkaa, akachora mstari ukutani kwenye ncha ya kidole changu. "Nimeona," alisema. "Haya, shusha. Taratibu."

Kwa anayesoma haya akiwa na bega kama langu, nampa moyo: alama ya leo inaweza kuwa chini ya alama ya jana, na hilo si kushindwa. Kwangu alama zilikaa wiki mbili mahali pamoja, nikalia na kusema siendi tena ukutani. Siku hiyo nilimsikia mama akiongea na Mama Pastory nje, wakichambua maharage. Mama Pastory alikuwa akisema kile ambacho kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kukisema. "Ulimfunga mno, dada yangu. Hata mimi nilikwambia habari ya mbuzi." Mama akakubali, "Ego, ulinambia." "Sasa watu wanacheka." "Waache wacheke. Kicheko hakimzuii mtu kuinua mkono." Maharage yakaanguka kwenye ungo. Kisha mama akasema, kwa sauti ya chini, "Ningekuwa najua kusoma, ningeisoma mwenyewe." Niliinuka nikaenda ukutani peke yangu. Nilifanya zoezi mpaka nikaona giza, lakini kumwambia ukweli sikumwambia. Niliona kuinua mkono ni rahisi kuliko hilo, na nikachagua lililo rahisi.

Mwezi wa Oktoba mama alifanya jambo ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu mwingine. Alikwenda shule ya msingi jioni, wanafunzi wakiwa wamekwisha kwenda, akaomba kuingia darasani. Alikuwa na kamba ya mgomba. Aliisimamisha kutoka sakafuni mpaka mstari wa juu kabisa wa ubao, akapiga fundo, akaiviringisha na kurudi nayo nyumbani. Aliishikiza kwenye ukuta wa jiko, na mahali fundo lilipofika akachimba alama ndefu kwa ncha ya kisu. "Ubao wako uko hapa," alisema. "Ukifika hapa, wewe ni mwalimu." Kuanzia hapo hatukuzungumza tena habari ya kupona. Tulizungumza habari ya fundo. Veneranda akirudi na ndoo aliuliza, "Limebaki kiasi gani?" na mama alimjibu kwa vidole: mikono miwili, mkono mmoja na vidole viwili, mkono mmoja. Krismasi ilipokaribia, kila nyumba ikisiriba kuta upya kwa udongo mweupe, mama alisiriba jiko lote isipokuwa ukanda ule. Wageni waliona kuta nyeupe na katikati ukanda mweusi wenye mistari ya mkaa, wakadhani udongo ulimwishia.

Siku niliyoondoka kwenda chuoni nilisimama ukutani na viatu vyangu vipya. Vidole vilipanda, vikapita mstari wa mwisho wa mkaa kwa upana wa punje ya hindi, vikasimama. Vilibaki vidole vitatu kufika kwenye fundo. Mama alivipima kwa vidole vyake mwenyewe, akaviweka pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Vitatu hivi utavipata hukohuko," alisema. Sikuvipata. Nimefundisha miaka yote bila kuufikia mstari wa juu wa ubao; niliandikia kuanzia chini yake, na wanafunzi wangu wa kwanza walidhani ndivyo walimu wote wanavyoandika. Ila nilifundisha. Hilo ni la mama.

Mwaka wa pili wa kazi yangu, nilipokuwa nafundisha Nyamiaga, tulianzisha darasa la kisomo cha watu wazima, na wa kwanza kuandikisha jina alikuwa yeye. Alikaa dawati la mbele, magoti yakigonga mbao. Wenzake waliniita mwalimu kwa utani, yeye aliniita mwalimu kwa dhati. Nilimshika mkono kumwonyesha "a". Alikandamiza penseli mpaka ikatoboa karatasi, na aliinyanyua baada ya kila herufi kana kwamba anapanda mbegu. Miezi sita baadaye alisoma ukurasa mzima, kidole chini ya kila neno. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, huku nikijua mkebe wa biskuti uko wapi na ndani yake kuna nini. Nilisubiri aniulize. Nilisubiri mwaka huo na mingine iliyofuata. Hakuuliza kamwe, na mimi nikajipa jibu lililonifaa: kadi itakuwa ilipotea, au panya waliila.

Miaka yote niliyofika nyumbani, nikiwa mchumba, nikiwa mke, nikiwa mjane, salamu yetu ilikuwa moja. "Shikamoo mama." "Marahaba. Inua nione." Nilisimama mlangoni mwa jiko, nikaweka mizigo chini, nikainua. "Nimeona," alisema. "Haya, shusha." Mara ya mwisho alikuwa kitandani, macho hayaoni tena, akaweka kiganja chini ya kiwiko changu ili aone kwa mkono.

Sasa nirudi kwenye matanga. Watu walipotawanyika, mimi na Veneranda tuliingia chumbani kwa mama kupanga vitu. Veneranda ndiye aliyeufungua mkebe. Vyeti vya ubatizo, rozari iliyokatika, picha ya baba. Chini kabisa kadi ya rangi ya udongo, imekunjwa mara mbili. Alinipa bila kuifungua. "Hii ni yako, dada. Mambo ya bega." Niliifungua. Wino wa buluu ulikuwa umefifia lakini unasomeka. Nikaigeuza. Nyuma yake palikuwa na penseli, iliyokandamizwa mpaka upande wa pili ukavimba. *Anatolia*, mara tatu, kila herufi imesimama peke yake. Chini ya jina, kama mwanafunzi anavyonakili somo: *wiki tatu. wiki tatu. wiki tatu.* Nimesahihisha madaftari mengi, naujua mwandiko wa mtu na umri wake. Ule ulikuwa wa mwaka wake wa kwanza wa kisomo.

Sikuweza kukaa. Nilikwenda kwa Mama Pastory, nikamkuta kibarazani pake, nikapiga magoti nikamwambia yote: kadi, jioni ile, sakafu nyekundu, maneno manne ambayo sikuyasema. Nilimwambia kwamba mama hakukosea, kwamba alitii kile alichosomewa. Alisikiliza akiwa amefumba macho, mdomo wake umetulia kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nilidhani atanigombeza. "Sasa mimi," alisema mwishowe, "miaka yote hii nimekuwa nikimcheka nani?" Akaikanda fimbo yake kwa viganja. "Naye alikuwa anacheka pamoja nasi. Mwanangu, alikuwa anacheka!" Kisha akaniambia niende, kwamba anataka kukaa peke yake na rafiki yake.

Niliingia jikoni. Wajukuu wanataka kulibomoa wajenge la matofali ya kuchoma, na wana haki, paa limeinama. Ukanda wangu bado upo. Mistari ya mkaa ingefutika zamani, lakini mama alikuwa akiipitia upya, naona hata ile ya chini kabisa imekolezwa. Nilisimama mbele ya ukuta. Vidole vikapanda, polepole, bega likilalamika kama kawaida yake, vikapita alama zote za mwaka ule, vikasimama vidole vitatu chini ya fundo. Nilisubiri. Nje kulikuwa na sauti ya Veneranda akifukuza kuku. Nilisubiri muda mrefu zaidi, kisha nikaushusha mkono bila kuuachia uanguke, taratibu, kwa sababu kushusha nako ni zoezi.